Uzi: Kupanga namna kompyuta inavyofungua na kuonyesha folda, hasa kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi

Mwanzisha uzi (Arusha)

Ndugu zangu, salaam. Ninafanya kazi ya kutengeneza na kusimamia kompyuta za watu hapa Arusha, na wateja wangu wengi ni wenye steshenari za Kaloleni na Ngarenaro, ofisi ndogo za utalii, pamoja na shule chache za pembezoni mwa mji. Karibu kila mashine ninayokabidhiwa huwa na mipangilio ileile ya folda iliyokuja nayo, kwa sababu mwenye mashine hajawahi kuambiwa kwamba inabadilika. Naanzisha uzi huu kwa kuwa mipangilio hiyo ndiyo inayoamua mteja aliyesimama nyuma yako ataona nini, ndiyo inayoamua kama utalitambua faili la hatari kabla ya kulibofya, na ndiyo inayokula muda wako kila siku pasipo wewe kujua.

Nitazungumzia zaidi Windows, maana ndiyo iliyo kwenye meza nyingi. Programu yenyewe inaitwa File Explorer. Ilikuja pamoja na Windows 95 mwaka 1995, wakati huo ikiitwa Windows Explorer, na jina la sasa ililipata kwenye Windows 8. Najua wengi wetu bado tuko kwenye Windows 10 ingawa Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nitaeleza yale yanayofanya kazi kwenye Windows 10 na 11 pia. Majina ya vitu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa mashine nyingi hapa kwetu zimewekwa Kiingereza.

Njia ya haraka ya kufika kwenye mipangilio ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kuandika control folders, kisha kubonyeza Enter. Njia hii haibadiliki kati ya matoleo hayo mawili, tofauti na menyu za juu ambazo zimehamishwahamishwa. Litafunguka dirisha dogo lenye vichupo vitatu, na tunavyovihitaji ni viwili vya mwanzo, “General” na “View”.

Kwenye kichupo cha “General”, mstari wa juu unasema “Open File Explorer to”. Kwa kawaida pamechaguliwa “Quick access” katika Windows 10, au “Home” katika Windows 11. Kurasa hizo mbili zina tabia moja: zinaorodhesha folda zinazotumika mara kwa mara na mafaili yaliyofunguliwa hivi karibuni, bila kujali ni ya nani. Kwenye kompyuta ya nyumbani hilo ni jambo zuri. Kwenye steshenari ni jambo zito, kwa sababu watu hutuletea vitambulisho vya NIDA, majibu ya vipimo vya hospitali, mikataba ya viwanja na barua za kuomba kazi, na mteja anayefuata anapoegemea kaunta anasoma majina ya mafaili ya aliyemtangulia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwepo, mtu aliyekuamini na karatasi yake anastahili staha hiyo.

Chagua “This PC”. Kisha shuka kwenye sehemu ya “Privacy”, ondoa alama kwenye mistari ya mafaili ya karibuni na folda zinazotumika mara kwa mara, halafu bonyeza “Clear”. Kitufe hicho hakifuti faili lolote. Kinafuta orodha tu. Usiishie hapo, kwa sababu orodha kama hiyo hutokea pia unapobofya kulia ikoni iliyo kwenye upau wa chini. Hiyo huzimwa kwenye Settings, sehemu ya “Personalization”, kisha “Start”, mstari unaotaja “Jump Lists”. Word nayo ina orodha yake: ingia “Options”, kisha “Advanced”, na idadi ya “Recent Documents” uiandike sifuri.

Karibuni tuongeze na tuulizane.

Mwenye steshenari (Moshi)

Nakushukuru sana kaka. Nina steshenari karibu na stendi kuu ya Moshi, na jambo hili limenisumbua tangu siku ambayo mteja alisoma jina la jirani yake kwenye skrini yangu na kuanza kuniuliza maswali ambayo sikuwa na haki ya kuyajibu. Nimefuata maelekezo yako na sasa ukurasa ni mtupu.

Yamebaki mambo mawili. Kwanza, folda ya kazi iko ndani sana kwenye diski D, na kwa kuwa dirisha sasa linafungukia “This PC”, inanibidi nibofye mara nyingi kuifikia. Je, naweza kuamuru lifungukie palepale? Pili, folda ninayohifadhi kazi za skana ina maelfu ya mafaili, na kila ninapoifungua mstari wa kijani unatambaa juu ya dirisha muda mrefu huku mteja akisubiri. Fundi mmoja amenishauri ninunue kompyuta mpya.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Dada yangu, usinunue kompyuta kwanza.

Hilo la kwanza ni jepesi. Mpangilio wa “Open File Explorer to” haukuruhusu kuandika folda yoyote unayotaka, lakini njia ya mkato inaruhusu. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, chagua “New” kisha “Shortcut”, na kwenye nafasi ya anwani andika explorer.exe, acha nafasi, kisha weka anwani ya folda ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano explorer.exe "D:\Kazi\Wateja". Ipe jina. Baada ya hapo ibofye kulia, ingia “Properties”, na kwenye “Shortcut key” bonyeza herufi W. Itajiandika Ctrl + Alt + W. Kuanzia hapo folda ya wateja itafunguka kwa vidole vitatu hata ukiwa ndani ya Word, mradi tu hiyo njia ya mkato ibaki kwenye skrini ya mwanzo.

Hilo la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, na ndilo ambalo watu wengi wanateseka nalo bila kulijua. Windows haionyeshi folda zote kwa namna moja. Ina violezo vitano, navyo ni “General items”, “Documents”, “Pictures”, “Music” na “Videos”, na kila kimoja kina safu zake na mpangilio wake. Usipoiambia chochote, yenyewe huchungulia yaliyomo na kukisia. Folda yako imejaa skana za JPG, kwa hiyo Windows imekisia kwamba ni albamu ya picha. Hapo huanza kutengeneza vijipicha, yaani picha ndogo zinazoonyesha yaliyomo, na kusoma taarifa zilizomo ndani ya faili mojamoja, kama vile vipimo vya picha na tarehe iliyopigwa, na kazi hiyo ikizidishwa kwa maelfu ya mafaili kwenye diski ya kuzunguka ndiyo huo mstari wa kijani unaouona.

Bofya kulia folda hiyo, ingia “Properties”, kisha kichupo cha “Customize”. Kwenye “Optimize this folder for” chagua “General items”, na uweke alama kwenye mstari wa chini yake ili folda zilizomo ndani nazo zifuate. Ifungue tena, kisha bonyeza Ctrl + Shift + 6 ili upate mwonekano wa “Details”, yaani orodha yenye jina, tarehe, aina na ukubwa. Kama kuna safu zinazosomeka “Date taken”, “Tags” au “Rating”, bofya kulia kichwa cha safu na uziondoe, maana ndizo zinazoilazimisha mashine kufungua kila faili ili isome yaliyomo.

Zaidi ya hapo, zigawe kazi zako kwa folda za mwaka na mwezi, ukianza na mwaka, mfano 2025-03, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano sahihi. Ikiwa baada ya haya bado ni nzito, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta nzima, na mashine yako utaiona kama nyingine.

Mwenye steshenari (Moshi)

Mstari wa kijani umekwisha. Folda inafunguka mara moja. Mungu akubariki kaka yangu.

Mwalimu wa kompyuta (Moshi)

Vijana wangu, nimeusoma uzi huu kwa makini kwa kuwa ninasimamia chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari, na nimebakiza muda mfupi kustaafu, hivyo ningependa kukiacha chumba hicho kikiwa katika hali nzuri. Nilipanga folda moja katika mwonekano wa “Details”, nikaingia kichupo cha “View” na kubonyeza “Apply to Folders”, nikitegemea kwamba folda zote zitafuata. Nyingine zimefuata na nyingine zimekataa kabisa. Aidha, folda ya “Downloads” inawagawia wanafunzi mafaili kwa makundi ya leo, jana na wiki iliyopita, na wao wakipanga kwa jina wanashangaa kuona herufi A imetokea mara nne. Je, kuna utaratibu wa kuzilazimisha zote?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Shikamoo mwalimu.

Folda zilizokataa hazijaharibika. “Apply to Folders” huzifikia tu folda za kiolezo kilekile cha folda uliyosimama ndani yake ulipobonyeza. Kama ulisimama kwenye folda ya “Documents”, basi zimefuata za “Documents” pekee, na zile ambazo Windows imezikisia kuwa za picha au muziki zimebaki na mpangilio wake wa zamani. Inakubidi urudie zoezi hilo ukiwa ndani ya folda moja ya kila aina. “Downloads” ina kiolezo chake peke yake, nje ya vile vitano nilivyovitaja, na tabia ya kugawanya kwa tarehe ilitiwa humo katika toleo la 2019 la Windows 10. Bofya kulia mahali patupu ndani yake, chagua “Group by”, kisha “(None)”, na makundi yatatoweka.

Kuna njia ya kuizuia Windows isikisie tena, lakini inapitia kwenye Rejista, yaani hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows, kwa hiyo ifanye mtu mwenye utulivu, na aanze kwa kuhifadhi nakala ya sehemu atakayoigusa kwa kutumia “Export”. Fungua regedit, uende kwenye HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell. Humo utakuta funguo mbili, Bags na BagMRU, ambazo ndizo kumbukumbu ya namna kila folda ilivyoonyeshwa. Zikifutwa zote mbili, mipangilio ya folda zote inarudi mwanzo. Kisha unda upya Bags, ndani yake AllFolders, ndani yake Shell, na humo uweke thamani ya maandishi iitwayo FolderType yenye neno NotSpecified. Zima na uwashe kompyuta. Kuanzia hapo folda za kawaida zitahesabiwa kuwa “General items” bila kukisiwa, na ukibonyeza “Apply to Folders” mara moja inakuwa umezifikia karibu zote.

Funguo hizo zina jambo moja ambalo linawahusu sana ninyi wa shule. Ziko chini ya mtumiaji, wala haziko chini ya mashine, maana yake kila akaunti ina mpangilio wake. Wanafunzi wanapoingia wote kwa akaunti moja, atakayebadilisha leo amewabadilishia wote. Mwalimu awe na akaunti yake yenye nywila, na wanafunzi wawe na ya kwao isiyo na mamlaka ya msimamizi. Na kumbukumbu hiyo ina kikomo: kwa kawaida inashika folda 5,000, na zikipita hapo za zamani zinaanza kusahaulika. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba folda fulani “imejibadilisha yenyewe”, kwenye mashine kongwe yenye folda nyingi huwa namwamini.

Msimamizi wa picha za safari (Arusha)

Ndugu mwanzisha uzi, naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Umesisitiza “General items” na “Details” kana kwamba ndiyo hali bora kwa kila mtu. Sisi tunaoshughulikia picha za wageni kwenye kampuni za utalii, kiolezo cha “Pictures” ndicho rafiki yetu. Waongozaji hurudi kutoka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti wakiwa na kadi zilizojaa, na mtu hawezi kumtafuta chui kwa kusoma jina DSC_4127. Anahitaji kuona.

Mimi hutumia Ctrl + Shift + 1 kupata vijipicha vikubwa kabisa, kisha nashikilia Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya mpaka ukubwa unaonifaa. Kwa picha ghafi za kamera, kama NEF za Nikon na CR2 za Canon, ikiwa unaona ikoni tupu badala ya picha, pakua Raw Image Extension kutoka Microsoft Store. Kwa picha za iPhone zenye mwisho wa HEIC, aina ambayo Apple imeitumia tangu mwaka 2017, pakua HEIF Image Extensions.

Jambo ambalo ningependa wenzangu wa utalii walijue zaidi ni tofauti kati ya tarehe tatu. “Date created” ni siku faili lilipofika kwenye diski hiyo, kwa hiyo ukinakili kadi leo, picha zote zitasema leo. “Date modified” ni siku yaliyomo yalipobadilishwa mara ya mwisho. “Date taken” ndiyo saa ambayo kamera iliandika ndani ya picha yenyewe, na ndiyo inayofaa kupangia safari. Ibofye kulia safu, chagua “More”, uitafute na uitie alama, halafu panga kwa hiyo.

Hata hivyo, iangalie saa ya kamera yenyewe. Mgeni aliyetoka Chicago akisahau kuirekebisha, picha zake zitakuwa nyuma ya za mwongozaji kwa saa 9 wakati wa majira ya baridi ya kwao na saa 8 wakati wa majira ya joto, na ukizichanganya kwenye folda moja, simba wa asubuhi anatokea kati ya picha za usiku uliotangulia. Picha zilizotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hazina tarehe hiyo kabisa, kwani taarifa za ndani huondolewa njiani. Mwombe mgeni atume kama hati.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Umenisahihisha vyema, na napokea. Kiolezo kifuate kazi. Kwako folda za picha ziwe “Pictures”, na folda za ankara na hati za wageni ziwe “General items”. Tena kwa kuwa ndani ya ofisi hizo kuna nakala za pasipoti, kwenye folda hizo vijipicha visitumike. Zikiwa katika “Details”, pasipoti itaonekana kama jina la faili tu. Kwenye mashine ya mapokezi, ambayo haina kazi ya picha, nenda kichupo cha “View” na uweke alama kwenye “Always show icons, never thumbnails”. Na kidirisha cha kuchungulia kilicho upande wa kulia, kinachowashwa na kuzimwa kwa Alt + P, kizimwe kabisa hapo mapokezi, maana kinaonyesha ukurasa mzima wa hati mara tu unapoigusa.

Fundi simu na kompyuta (Majengo, Moshi)

Naomba tulizungumzie suala la flashi, kwa sababu hapa kwangu halipiti juma bila mtu kuja akilia kwamba folda zake zimepotea na zimebaki njia za mkato tupu. Wengi wameshaambiwa wafomati, na kazi zao za miaka zimekwenda.

Kwa kawaida mafaili hayo hayajapotea. Kirusi kimeyaficha kwa kuyapa sifa mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha kimeweka njia za mkato zenye majina yaleyale ili mtu azibofye na kukieneza. Ushahidi ni kwamba ukibofya kulia flashi na kuingia “Properties”, nafasi iliyotumika iko palepale. Safisha kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandika amri, na uandike attrib -s -h -r /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zitarudi. Njia za mkato uzifute.

Swali langu kwa mwanzisha uzi ni hili: je, tunaweza kuipanga programu ya folda ili tukione kirusi kabla hakijabofywa?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Inawezekana kwa kiasi kikubwa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa wateja wangu. Kichupo cha “View” kina mstari wa “Hide extensions for known file types”, na Windows huja nao ukiwa umewekwa alama. Uondoe alama hiyo leo hii. Kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, ndicho kinachokuambia faili ni kitu gani. Kikifichwa, faili la ankara.pdf.exe litasomeka ankara.pdf, na aliyelitengeneza anaweza kulivisha ikoni ya PDF pia. Mwezi Mei mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea dunia nzima kupitia barua pepe zenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na watu walikifungua kwa sababu mashine zao ziliwaonyesha sehemu ya TXT tu. Robo karne imepita na alama hiyo bado iko palepale kwenye mashine mpya.

Sababu ya pili ya mimi kupenda “Details” kwenye kaunta ni safu ya “Type”. Kirusi kinaweza kuvaa ikoni ya njano ya folda na jina la Picha za Harusi, lakini safu hiyo haidanganywi na ikoni. Folda halisi itasema “File folder”. Njia ya mkato itasema “Shortcut”. Programu itasema “Application”. Mfundishe msaidizi wako asome safu hiyo kabla ya kubofya chochote kwenye flashi ya mteja. Katika mwonekano wa ikoni kubwa safu hiyo haipo, kwa hiyo unabaki kuamini sura.

Kuhusu vilivyofichwa, tofautisha mistari miwili. “Show hidden files, folders, and drives” unaweza kuuacha umewashwa kwenye mashine ya fundi. Mstari wa “Hide protected operating system files” uondolewe alama wakati wa uchunguzi tu, kisha urudishwe. Ukiuacha wazi, mafaili ya mfumo kama desktop.ini yataanza kuonekana hadi kwenye skrini ya mwanzo, na mtu mwenye nia njema atayafuta akidhani ni uchafu. Faili hilo ndilo linalohifadhi ikoni maalumu ya folda na kiolezo ulichochagua kwenye “Customize”, kwa hiyo likifutwa na mpangilio wako umekwenda nalo.

Mwanafunzi wa chuo (Arusha)

Kwa wanaotumia Linux kama mimi, mambo mengi ni yaleyale. Kwenye Dolphin, programu ya folda ya mazingira ya KDE, unachagua wazi kama kila folda ikumbuke mwonekano wake au zote zitumie mmoja, na kwa F3 dirisha linagawanyika mara mbili, jambo linalorahisisha sana kunakili kutoka kwenye flashi. Nemo ya Linux Mint nayo hugawanyika kwa F3. Ukiwa na programu mbili za folda na unataka moja iwe ya msingi, andika kwenye kituo cha amri xdg-mime default nemo.desktop inode/directory.

Mhasibu (Moshi)

Ndugu zangu, ofisini kwetu tuna folda ya pamoja kwenye mtandao wa ndani, na mara kwa mara tunashindwa kuifuta folda ya zamani kwa sababu Windows inasema kuna faili linatumika, ilhali hakuna aliyefungua chochote. Faili linalotajwa ni Thumbs.db, ambalo hatukulitengeneza. Je, hili nalo ni jambo la mipangilio ya folda?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Ndiyo, mheshimiwa. Mtu anapoifungua folda ya mtandao akiwa katika mwonekano wa vijipicha, Windows huandika humo Thumbs.db ili isivitengeneze upya, na mashine ya mtu huyo hulishikilia faili hilo. Folda zenye skana za risiti ndizo zinazoathirika zaidi. Kwanza wote mlio na ruhusa ya kuingia humo wekeni “Details” kwenye folda hiyo, halafu yule aliyekuwa na vijipicha atoke kabisa kwenye folda, na kama bado limeshikwa, azime na kuwasha kompyuta yake. Kwa kawaida kufuta kutakubali.

Ili lisirudi, kama mashine zenu zina Windows ya Pro, fungueni gpedit.msc, yaani kihariri cha sera za Windows, muingie “User Configuration”, “Administrative Templates”, “Windows Components”, “File Explorer”, na muwashe mstari unaosema “Turn off the caching of thumbnails in hidden thumbs.db files”. Toleo la Home halina kihariri hicho. Kwenye mashine hizo tumieni “Always show icons, never thumbnails” niliyoitaja juu, mashine moja baada ya nyingine, mkianza na ile inayounganishwa na skana.